Namna ya kuwatambua minyoo bapa katika sato, dagaa na samaki wengine wa maji baridi

Na Mwandishi Wetu

MAMA wa nyumbani anamtumbua sato aliyemnunua asubuhi sokoni. Anapoinua kifuniko cha shavu anakuta vijipunje vya rangi ya njano, vikubwa kama punje za mtama, vimeshikamana na nyama. Anakibonyeza kimoja kwa ncha ya kisu, kinapasuka, na ndani yake kinatoka kidudu kinachojinyoosha na kujikunja kama ruba. Yanayofuata katika nyumba nyingi yanajulikana: samaki anatupwa jalalani, muuza samaki anashutumiwa kwamba ameuza kilichooza, na siku hiyo ugali unaliwa kwa mchicha.

Samaki huyo hakuwa ameoza. Yawezekana alikuwa ametoka majini saa chache tu zilizopita, naye ni halali ya meza kama wenzake. Kidudu kile ni mnyoo bapa aitwaye Clinostomum, aliyeingia mwilini mwa sato akiwa hai na ambaye safari yake ilikusudiwa kuishia kooni mwa korongo, wala si tumboni mwa binadamu.

Kutowajua minyoo hawa kuna hasara mbili. Ya kwanza ni ya chakula kizuri kutupwa na mchuuzi kuharibiwa jina. Ya pili, ambayo ni nzito zaidi, ni kwamba mlaji hutishwa na mnyoo anayeonekana, ambaye akipikwa hana madhara, huku akila bila wasiwasi minofu mibichi iliyopangwa vizuri kwenye sahani ya hoteli, pasipo kufahamu kwamba minyoo bapa wenye kudhuru watu ni wale wasioonekana kwa macho.

Bapa au mviringo?

Minyoo bapa, ambao wanasayansi huwaita Platyhelminthes, ni wanyama wenye mwili laini uliobanwa kama utepe au jani. Hawana mapafu, hawana matamvua wala mishipa ya damu. Hewa huwapenya moja kwa moja kupitia ngozi. Kwa samaki wanapatikana katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni trematodi, wenye mdomo, utumbo usio na njia ya kutokea na, kwa kawaida, vifyonzi viwili, kimoja mdomoni na kingine tumboni. Kundi la pili ni tegu, ambao hawana mdomo wala utumbo, nao hufyonza chakula kwa ngozi yao yote. La tatu ni monojinea, vimelea vidogo vya nje vinavyojishikiza kwenye ngozi na matamvua kwa kulabu zilizoko sehemu ya nyuma ya mwili.

Msomaji asishangae kusikia kwamba kichocho nacho husababishwa na trematodi. Ni ndugu wa ukoo mmoja na Clinostomum, ila mnyoo wa kichocho hapitii kwa samaki kabisa. Huingia kwa kutoboa ngozi ya mtu aliyesimama majini, na hakuna aliyewahi kuupata ugonjwa huo kwa kula sato.

Jambo la kwanza kwa anayetaka kumtambua mnyoo aliyemkuta ni kuamua kama ni bapa kweli. Mnyoo wa mviringo ana ngozi ngumu inayoteleza, amechongoka pande zote mbili, na akiguswa hujikunja kama springi ya saa bila kubadili unene wake. Mnyoo bapa ni laini, hupasuka upesi, na hubadilika umbo mbele ya macho yako: mara mrefu na mwembamba, mara mfupi na mnene. Akiwekwa katika maji matupu huvimba na kuharibika, kwa hiyo wataalamu humweka katika maji yenye gramu 8 hadi 9 za chumvi kwa kila lita. Humo ataendelea kujongea kwa muda wa kutosha kumtazama kwa kioo cha kukuzia.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni la kumchanganya na Contracaecum, mnyoo wa mviringo anayejikunja ndani ya utando unaouzunguka moyo wa sato. Huyo ni mkubwa, hufikia sentimita kadhaa, na kila anayetumbua sato wengi hukutana naye. Eustrongylides, mwenye rangi nyekundu, ambaye hupatikana kwa kambale na samaki wengine wa Ziwa Victoria, naye ni mviringo. Aidha wapo wenye kichwa cha miiba waishio utumboni, na wapo ruba wa kawaida wanaong'ang'ania ngozi. Hao wote si minyoo bapa.

Punje za njano

Turudi kwa sato wetu. Kifuko cha Clinostomum hupatikana zaidi chini ya kifuniko cha shavu, kwenye ngozi laini ya koo, katika nyama iliyo karibu na mapezi, na wakati mwingine chini ya magamba. Rangi yake ni ya njano au ya malai, ukubwa wake ni milimita chache, na mnyoo aliyemo akishanyooka aweza kuukaribia urefu wa sentimita moja. Kwa kioo cha kukuzia utaona kifyonzi kidogo cha mdomoni kilichozungukwa na ukosi, na nyuma yake kidogo kifyonzi cha pili kilicho kikubwa zaidi.

Yupo ndugu yake, Euclinostomum, ambaye hupenda figo na nyama ya sato na jamii zake. Kifuko chake ni kikubwa zaidi na mwili wake ni mnene. Tofauti ya hakika huonekana kwenye hadubini: matawi mawili ya utumbo wa Clinostomum ni mirija iliyonyooka au yenye mawimbi tu, lakini ya Euclinostomum yamechipua vijimifuko vingi pembeni mithili ya jani la mpapai.

Maisha ya wote wawili ni ya zamu tatu. Mnyoo mkubwa huishi mdomoni na kooni mwa ndege walao samaki kama korongo na yangeyange. Mayai huanguka majini, mabuu hutoka na kuwaingia konokono, wakiwemo wa jamii ya Bulinus, na humo huzaliana kwa wingi. Kisha hutoka wakiwa na mikia, huogelea, na kutoboa ngozi ya samaki. Hapo hujifungia ndani ya kifuko na kungoja, hata kwa miaka, mpaka ndege aje. Ndiyo sababu sato wa mabwawa yenye kina kifupi na majani mengi ukingoni hushambuliwa kuliko wa vilindini.

Ilan Paperna, mtaalamu aliyeandika kitabu cha vimelea vya samaki wa Afrika kilichotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), na kupitiwa upya mwaka 1996, alikwisha kutaja katika miaka ya 1960 aina iitwayo Clinostomum cutaneum kwa kuangalia lava peke yake. Mnyoo mkubwa wa aina hiyo alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010, akiwa ametoka kwa korongo wa nchini Kenya, na lava wake akaelezwa upya kutoka kwa sato wa nchi hiyo hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kuwaunganisha mtoto na mzazi, jambo linaloonyesha ugumu wa kazi hii hata kwa wenye vifaa.

Je, binadamu huambukizwa? Visa vichache vimeandikwa, vingi vikiwa vya Japani na Korea, kwa watu waliokula samaki wabichi wa maji baridi. Mnyoo hujishikiza kooni na kuleta maumivu na kikohozi mpaka daktari amtoe kwa koleo. Hakuna aliyempata kwa samaki aliyeiva.

Utepe mweupe ndani ya dagaa

Kwa dagaa wa Ziwa Victoria, ambaye Kenya huitwa omena na Uganda mukene, hadithi ni nyingine. Mara kwa mara huonekana dagaa mwenye tumbo lililovimba kupita kiasi. Ukimpasua, hutoka utepe mweupe uliokunjwa, ambao ukinyooshwa waweza kuwa mrefu kuliko dagaa mwenyewe. Huyo ni Ligula intestinalis, tegu ambaye mwili wake kwa nje haukugawanyika katika pingili kama wa tegu wa ng'ombe.

Tumbo lililovimba peke yake halitoshi kuwa ushahidi, kwani dagaa jike mwenye mayai naye huvimba. Mayai ni chembechembe zilizojaa katika mifuko miwili mirefu, na ukizibonyeza hutawanyika. Ligula ni kipande kimoja, kimekaa nje ya utumbo katika uwazi wa tumbo, nacho huvutika bila kukatika mara moja. Zaidi ya hapo, mahali palipo na Ligula mayai hayapatikani. Mnyoo huyu huzuia viungo vya uzazi visikomae, hivyo samaki aliyempata huishi, hula na hukua, lakini hazai. Kwa samaki ambaye ndiye anayevuliwa kwa uzito mkubwa kuliko wote katika ziwa hilo, wataalamu wa uvuvi wana haki ya kulitazama jambo hili kwa makini.

Ligula huanzia kwa vidudu vidogo vya majini vya jamii ya kamba, ambavyo ni chakula cha dagaa. Akishakua ndani ya dagaa, humfanya aogelee kwa uzito, naye mnandi humwona na kumnyakua. Ndani ya ndege maisha ya Ligula ni mafupi ajabu: hukomaa, hutaga na kufa kwa muda wa siku chache tu, baada ya kungoja miezi mingi tumboni mwa samaki. Si kimelea cha binadamu. Akikaushwa juani pamoja na dagaa hugeuka ukanda mwembamba ambao mpishi huudhania kuwa utumbo uliokauka.

Mahali pengine pa kutazama

Matamvua ya samaki mzima ni mekundu na safi. Yakiwa yamepauka na kufunikwa na ute mwingi, huenda yana monojinea, ingawa upungufu wa hewa na magonjwa mengine huleta dalili kama hizo. Hapa macho hayasaidii, kwa maana wengi wao hawafikii milimita moja. Mtaalamu hukata kipande cha tamvua, hukiweka katika tone la maji chini ya hadubini, na kutafuta kulabu. Sato ana jamii yake maalumu, Cichlidogyrus, ambayo aina zake hutofautishwa kwa maumbo ya kulabu hizo na ya kiungo cha uzazi cha kiume. Dactylogyrus ana vijidoa vinne vya macho na hutaga mayai. Gyrodactylus hana macho na huzaa mtoto aliyekamilika, ambaye naye ndani yake tayari ana mtoto mwingine, maajabu ambayo mwenye bwawa hayafurahii kwa sababu ndiyo yanayomfanya azaane upesi namna ile. Kwa mlaji hawana dhara lolote. Kwa vifaranga wa samaki waliosongamana ni maangamizi.

Madoa meusi ya ukubwa wa kichwa cha pini kwenye ngozi na mapezi ni mabuu ya trematodi yaliyozungushiwa rangi na mwili wa samaki wenyewe. Yakikwanguliwa hayatoki kama uchafu. Jicho lenye ukungu, mithili ya mtoto wa jicho kwa wazee, laweza kuwa na Diplostomum ndani ya lenzi, na kwa kambale wapo Tylodelphys wanaoelea katika maji ya jicho. Lakini jicho la samaki aliyekaa sana bila barafu nalo hufanya ukungu, kwa hiyo asiwepo wa kuhukumu kwa jicho pekee; anuse, abonyeze nyama, atazame matamvua.

Kambale pia ana tegu wake mdogo mweupe utumboni, Tetracampos ciliotheca, ambaye vitabu vya zamani vilimwita Polyonchobothrium clarias. Kwa kuwa matumbo ya kambale hutupwa, huyu hafiki mezani.

Wasioonekana

Minyoo bapa wanaowatia hofu madaktari hawaonekani kwa macho. Kaskazini mashariki mwa Thailand na nchini Laos, watu wengi hula samaki wadogo wa mtoni waliokatwakatwa wakiwa wabichi na kutiwa viungo na limau. Ndani ya nyama hiyo hukaa Opisthorchis viverrini, ambaye kifuko chake ni kama sehemu ya tano ya milimita. Akishamezwa hupanda katika mirija ya nyongo na kuishi humo miaka mingi. Ndugu yake Clonorchis sinensis yuko China, Korea na Vietnam. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka wa kwanza katika orodha ya visababishi vya hakika vya saratani mwaka 1994, na wa pili mwaka 2009. Saratani yenyewe ni ya mirija ya nyongo, nayo kwa kawaida hugunduliwa imechelewa.

Karibu na kwetu zaidi, katika delta ya Mto Nile nchini Misri, yupo Heterophyes heterophyes, anayepatikana katika nyama ya mkizi na perege wa maji ya chumvi kidogo. Huko watu humpata kwa samaki wa chumvi aitwaye fesikh na kwa samaki wasioiva. Huleta maumivu ya tumbo na kuhara. Jamaa yake, Haplorchis pumilio, hutumia konokono aitwaye Melanoides tuberculata, ambaye ni mwenyeji wa maji ya Afrika Mashariki. Tegu mkubwa wa samaki, anayeweza kuzidi mita 10 tumboni mwa mtu na kumpunguzia vitamini B12, ni wa Finland, Urusi na nchi nyingine za baridi.

Kuwapata hawa wadogo kunahitaji maabara. Nyama husagwa, huchanganywa na asidi pamoja na pepsini ili imeng'enywe kama ilivyo tumboni, kisha huchujwa mpaka vifuko vibaki. Mtaalamu huvitazama chini ya hadubini: umbo la kifuko, uwiano wa vifyonzi, ukubwa na weusi wa kibofu cha takataka. Pale aina mbili zinapofanana mno, jibu hutolewa na vinasaba. Anayetaka kupeleka mnyoo wake kwa wataalamu, iwe taasisi za utafiti wa uvuvi au vyuo vikuu, amtie katika kichupa chenye spiriti kali isiyopungua asilimia 70, na aandike samaki gani, kiungo gani, wapi na lini. Mnyoo asiye na maelezo hayo hana faida kubwa, hata akiwa mzima kiasi gani.

Moto na barafu

Mapishi ya Waswahili na ya watu wa maziwa makuu yamekuwa kinga kubwa bila kukusudiwa: samaki hukaangwa, huchemshwa, huchomwa au hubanikwa hadi kuiva. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka katikati ya nyama pafikie nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika moja au zaidi. Asiye na kipimajoto atazame nyama: iwe nyeupe isiyopenyeza mwanga, na iachane na mfupa kwa urahisi.

Tatizo linakuja na mtindo mpya wa mijini wa kula samaki mbichi. Limau na siki huigeuza nyama rangi hata ikaonekana kama imeiva, lakini haziui vimelea ndani yake. Moshi wa baridi hauviui pia. Kwa samaki wa kuliwa mbichi, kanuni za Ulaya zinadai agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda usiopungua saa 24, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Marekani imekuwa kali zaidi: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Jokofu la nyumbani aghalabu halifikii baridi hiyo, na umeme ukikatika katikati ya wiki hesabu yafaa ianze upya. Mlaji wa hotelini anayo haki ya kumwuliza mpishi samaki aligandishwa kwa siku ngapi, na akijibiwa kwamba samaki wao "ni fresh kabisa, ametoka ziwani leo", hilo ndilo jibu la kumfanya aagize wa kukaanga.

Kwa viwanda vinavyopeleka minofu ya sangara Ulaya, ukaguzi wa macho wa vimelea ni sharti la kisheria. Minofu hutazamwa ikiwa juu ya meza yenye taa chini yake, ili kilichojificha katika nyama kionekane kama kivuli. Sato wa soko la ndani hana meza hiyo. Mkaguzi wake ni yule anayemtumbua.

Bwawani

Mfugaji wa samaki anayeona punje za njano kwa sato wake hawezi kuwaponya mmoja mmoja, kwa sababu dawa haiondoi kifuko kilichokwisha kujengwa ndani ya nyama. Anachoweza ni kukata mzunguko. Kati ya mavuno na mavuno bwawa likaushwe kabisa na kunyunyiziwa chokaa ili konokono wafe. Majani ya ukingoni yang'olewe, kwa kuwa ndiyo makazi yao. Nyavu au kamba zikitandwa juu ya maji humnyima korongo mahali pa kusimama. Vifaranga wanunuliwe kwa mzalishaji anayejulikana, na watengwe kwanza kabla ya kuchanganywa na wengine, maana monojinea husafiri nao katika mfuko wa plastiki.

Wapo pia samaki walao konokono. Katika Ziwa Malawi watafiti waliuhusisha upungufu wa samaki hao, uliotokana na uvuvi wa kupindukia, na kuongezeka kwa kichocho katika vijiji vya ufukweni. Na atakayeingia bwawani kung'oa majani avae mabuti marefu ya mpira, kwa maana Bulinus anayembeba Clinostomum wa sato ni wa jamii ile ile inayobeba kichocho cha mkojo.